Mstari wa Tatu wa Kadi

Pale dukani walimwita Mama Kucha, na jina likamkaa. Si kwamba alikuwa na kucha ndefu za kupaka rangi. Kucha zake zote alizikata mpaka karibu na nyama kwa ajili ya mtoto, isipokuwa mmoja tu, wa dole gumba la kulia. Huo aliufuga kama watu wanavyofuga kuku wa mayai. Kitu kikiingia dukani, kiwe kabati, meza au kiti, yeye hakukitazama usoni. Aliinama, akapitisha mkono chini, mahali ambapo hapana mtu anayepaka vanishi kwa ajili ya wageni, akakwaruza kidogo, akanusa. Kisha akasema: huu mvule. Huu mtiki. Hii plaiwudi, imeazima koti la mtu.

"Uso wa kabati ni kama uso wa mchumba," Shangazi alimfundisha wiki ya kwanza. "Siku ya kuonana kila mtu kaoga. Wewe mtazame visigino."

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenye duka. Hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani, lakini alivyokuwa na sauti ile na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, hata wazee waliompita umri walimwamkia hivyo. Duka lake halikununua kitu. Mtu alileta samani yake, akaiacha pale, duka likamtafutia mnunuzi, ikiuzwa wakagawana. Kwa hiyo humo ndani vitu vyote vilikuwa vya watu: makochi yaliyobonyea upande mmoja tu, masinia ya shaba, vyombo vya maua vya kioo cha kijani, fremu zisizo na picha, na saa saba za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na saa yake. Mtu akiuliza ni saa ngapi, Fundi humwambia, "Chagua."

Fundi alikaa nyuma, karibu na mlango wa uani, na msasa mkononi. Kazi yake kubana miguu iliyolegea, kuziba mashimo ya dumuzi, na kuwatania watu. Mtoto wa Mama Kucha, mwenye miezi minane, alilala kando yake ndani ya droo ya chini ya kabati kubwa ambalo lilikosa mnunuzi mwaka mzima. Droo ilichomolewa, ikawekwa sakafuni, ikatandikwa shuka. "Huyu akiuzwa na kabati lake," Fundi alipenda kusema, "msinilaumu. Kadi haikusema hayumo."

Kadi ndiyo ilikuwa siri ya duka lile. Kila kitu kilifungiwa kadi kwa uzi, na kila kadi ilikuwa na mistari mitatu. Mstari wa kwanza: mti gani. Wa pili: umri gani. Wa tatu: kwa nini kimetoka nyumbani kwa mwenyewe. Shangazi aliushikilia huu wa tatu kuliko yote. Alisema mtu hanunui mbao, ananunua kutulia moyoni. Akijua mwenye kitu alikitoa kwa sababu ya maana, hatakesha akijiuliza amebeba nini. Ndiyo maana watu waliingia pale hata siku wasizo na haja ya kununua, wakazunguka wakisoma kadi kama wanaosoma gazeti. *Mwenyewe amehamia chumba kimoja. Mke hakupenda rangi. Warithi wanne, meza moja.* Mwandiko ulikuwa wa Mama Kucha. Alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini herufi zake zilisimama wima kama watoto kwenye mstari wa shule.

Dobi alikuja siku ya Jumanne, asubuhi, kabla Shangazi hajafika. Walimwita Dobi kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika mtaa wa nyuma, na mikono yake ilikuwa na makunyanzi ya maji hata akiwa mkavu. Alikuwa mwanamke kijana, labda rika moja na Mama Kucha. Alikuja na mkokoteni wa kukodi, juu yake kitanda cha mtoto: cheupe, chenye fito pande zote nne, ubavu mmoja wa kushusha na kupandisha, na godoro lake dogo ndani.

Mama Kucha akainama, akafanya kazi yake. Mti mwepesi, laini, msonobari, rangi ya mafuta, iliyopakwa mikono miwili. Miguu imara. Dumuzi hakuna. Kisha kidole kikapita juu ya ufito wa juu, ule wa ubavuni, kutoka kichwani mpaka miguuni, kikarudi tena.

Kitanda alimokulia mtoto husema chenyewe. Mtoto akishaanza kusimama hushika ufito wa juu, na akiota meno huutafuna kama panya. Vitanda vyote vya watoto vilivyopita mikononi mwa Mama Kucha vilikuwa na alama hizo, vishimo vidogo viwiliviwili, rangi imebanduka. Ufito huu ulikuwa laini kama yai. Tena ubao wa chini, unaowekwa godoro, ulikuwa bado umefungwa juu kabisa, pale unapofungwa kwa mtoto asiyejua hata kugeuka.

Akajua kabla ya kuuliza. Lakini kadi ina mistari mitatu, na kazi ni kazi.

"Kwa nini mnakitoa, dada?"

Dobi alikuwa akimtazama yule mtoto ndani ya droo. "Alilala humu wiki kumi na moja," alisema. "Hakufia humu. Alifia hospitali. Sijui kama hilo linasaidia."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Akavuta upande wa shuka ya droo, ukafunika mguu wa mtoto uliokuwa nje. "Wewe andika utakavyoona vema. Mimi nataka tu kisiwepo. Kila nikipita nakigonga kwa nyonga."

Akaenda zake na mkokoteni mtupu.

Mama Kucha alikaa na ile kadi muda mrefu kuliko kadi yoyote. Mstari wa kwanza, msonobari. Wa pili, mwaka mmoja. Kalamu ikasimama kwenye wa tatu. Akiandika yaliyokuwa, nani atakichukua? Mama mjamzito atasoma, ataondoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Kitanda kitakaa pale miezi, na yule mama kila akipita barabarani atakiona dirishani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Huruma nayo ina ujanja wake. Akaandika: *Mtoto amekua.*

Herufi zikasimama wima, safi.

Siku ile mtoto wake alisumbua. Joto lilikuwa kali na droo ilikuwa imeanza kumbana mabega. Fundi akasema, "Si umlaze kwenye kile cheupe? Kitanda kipo, mtoto yupo, mnangoja barua?"

"Kina vumbi," Mama Kucha alijibu.

Hakikuwa na vumbi, alikuwa amekifuta mara mbili. Hata kuamini mikosi hakuamini. Alimwinua mtoto, akafika naye mpaka pale, akashusha ubavu, na mikono ikakataa. Ilikataa tu, kama punda mbele ya daraja. Akamrudisha kwenye droo. Na hapo ndipo kitu kidogo kilipomchoma kwa mara ya kwanza: wewe mwenyewe hutaki, lakini umewaandikia wengine walaze wao.

Siku ya Alhamisi akaja wifi yake, dada wa mumewe, tumbo limetangulia mbele kama mgeni rasmi. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, na katika miaka hiyo tisa alikuwa amesemwa na kila mwenye mdomo. Sasa alitembea katikati ya njia, wengine wapishe.

"Wifi wangu muuza makochi," alisema akiingia. "Naona bado unalaza mwana wa kaka yangu kwenye kabati kama soksi."

"Soksi hazilii hivi, wifi. Karibu ukae."

"Nikikaa kwenye makochi yenu nani ataniinua? Huyo?" Akamwonyesha Fundi kwa kidevu. Fundi akasema yeye huinua kwa oda tu, mteja alete na kamba. Wifi akacheka mpaka akashika mgongo. Na akiwa bado anacheka, akakiona kile kitanda cheupe.

Alikizunguka. Akashusha ubavu, akapandisha. Akavaa uso wa mtu anayejizuia asionekane amependa. Kisha akaisoma kadi, na Mama Kucha akamwona midomo ikitembea polepole juu ya yale maneno mawili, ikiyarudia.

"Mtoto amekua," wifi alisema. "Maneno mazuri hayo. Mwenyewe unamjua?"

"Namjua."

"Mtoto mzima?"

Ulimi hauna mfupa. "Mzima," Mama Kucha alisema.

"Mbona hakina meno?" Wifi alikuwa akipapasa ufito wa juu. "Kile cha nyumbani kwetu kaka yangu, mumeo huyo, alikitafuna nusu. Mama bado anacheka mpaka leo."

"Wengine hawang'ati."

"Haya. Na wako umeshamlaza humu?"

"Juzi."

"Akalala?"

"Alilala."

Wifi akaushika ufito kwa mikono yote miwili, akatulia. "Mimi, wifi, sitaki kipya," alisema kwa sauti ya chini ambayo Mama Kucha hakuizoea kwake. "Miaka yote hii nimeona vitanda vipya dukani vikinikodolea macho. Nataka kile ambacho mtu ameshakitumia, mtoto akatoka salama. Unanielewa? Niwekee mpaka Jumamosi. Nitakuja na mama akikague."

Alipoondoka, Mama Kucha alibaki amesimama mahali pale pale. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa macho. Aliweza kuingia chumbani mwa mtu na kujua sufuria gani imeungua wiki iliyopita. Atapitisha mkono juu ya ufito, atauliza mara moja, hatauliza mara ya pili.

Fundi alikuwa ametoka kwenda kununua gundi. Mama Kucha akatazama mlangoni, akainama. Akauweka ukucha wa dole gumba juu ya ule ufito laini, akakandamiza. Rangi ikaingia ndani. Akasogeza kidogo, akakandamiza tena. Viwiliviwili, kama meno ya mtoto yanavyokaa, hapa karibu karibu, pale mbalimbali, kwa kuwa mtoto hatafuni kwa mpango. Kazi nzuri. Hata Fundi asingejua, na wifi angedhani siku ile hakupapasa vizuri. Alipomaliza, ukucha ulikuwa umepasuka upande, na rangi nyeupe imejaa chini yake. Aliuosha kwa sabuni, akauchokonoa kwa kijiti. Rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni.

Ukucha ule, uliokuwa ukiziumbua mbao za watu.

Jumamosi alifungua mapema. Hakulala vizuri, akasingizia mtoto. Alikuwa akipangusa vyombo vya maua mlango ulipofunguka, akageuka akitegemea sauti ya wifi. Alikuwa Dobi.

"Nilisahau hizi," Dobi alisema. Alikuwa na kifuko cha nailoni, ndani yake skrubu nne na ufunguo mdogo wa kuzikazia. "Za kushusha ubao wa godoro. Mtoto akikua unaushusha chini, ili asije akaanguka. Sisi hatukufika huko. Atakayenunua atazihitaji."

"Ahsante, dada. Hukuwa na haja ya kujisumbua. Niachie tu hapa."

Lakini Dobi alikuwa tayari kando ya kitanda. Akaweka mkono juu ya ufito, hivi hivi, kama mtu anavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto anayemjua. Mkono ukatembea kidogo, ukasimama. Ukarudi. Vidole vikaingia kwenye kishimo kimoja, kisha cha pili.

Akainama akatazama. Kisha akaigeuza kadi, akasoma, na kwa kuwa mwandiko ulikuwa safi hakuhitaji kusoma mara mbili. Alipoinua macho hayakwenda usoni mwa Mama Kucha. Yalikwenda mkononi, kwenye dole gumba, kwenye ule mstari mweupe chini ya ukucha.

"Haya ni meno ya nani?" aliuliza taratibu.

Mama Kucha alifungua mdomo. Na mlango ukafunguka.

"Wifi, mama amekwama kwa muuza nyanya, anakuja," wifi alisema, akiingia ubavuubavu kwa sababu ya tumbo. Akamwona mgeni amesimama na kadi mkononi, akakunja uso. "Samahani, dada, hicho kimeshawekewa mtu. Ni changu."

"Sinunui," Dobi alisema. "Kilikuwa changu."

Uso wa wifi ukafunguka wote. "Kumbe ndiye wewe. Hebu niambie basi, wifi yangu huyu haongei, ukimuuliza neno anajibu nusu. Mtoto hajambo? Ana miaka mingapi sasa?"

Mama Kucha alijua kwamba hapo ndipo pake pa kusema. Neno moja tu lilitosha. Akaendelea kupangusa chombo cha maua.

Dobi alilitazama lile tumbo. "Hajambo," alisema. "Anaingia mwaka wa pili."

"Na meno haya yake? Siku ile sikuyaona kabisa. Macho ya mimba haya."

"Yake."

"Mtundu?"

"Mtundu sana." Sauti ya Dobi ilianza kupata joto, kama pasi. "Hakai. Ukimwita huku anakwenda kule. Usiku analala ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu. Ukimgeuza anarudi."

"Mashallah," wifi alisema, amefumba macho nusu, anakunywa yale maneno. "Msalimie. Mwambie mwenzake anakuja kukalia kitanda chake."

"Nitamwambia."

Dobi akaweka kifuko cha skrubu juu ya godoro. Akampita Mama Kucha bila kumgusa, akatoka. Kupitia dirishani alionekana akivuka barabara, na alitembea pembeni kidogo, kana kwamba ameacha nafasi ya mtu mdogo upande wa ndani.

Mama Kucha akakaa kwenye mkono wa kochi la watu, jambo ambalo Shangazi amelikataza. Akasema yote. Hakuyapanga, yalitoka kinyumenyume: ukucha kwanza, kisha kadi, kisha mikono yake iliyokataa kumlaza mwanawe, mwisho wiki kumi na moja. Alitegemea wifi aruke, ashike tumbo, alie mikosi. Alikuwa tayari kwa hilo.

Wifi hakushika tumbo.

"Umenifanya nimuulize," alisema.

"Wifi..."

"Nimemuuliza mama wa watu mtoto wake ana miaka mingapi. Mimi. Mimi ambaye watu wameniuliza miaka tisa, 'bado tu?' Najua swali linavyoingia mwilini. Nikaenda nikamwingizia mwenzangu, tena nikicheka." Akavuta pumzi. "Kitanda sikuogopa. Ungeniambia, ningekaa nikafikiri, labda ningekichukua, labda nisingekichukua. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi kufikiri. Wewe ulinionea huruma ya nini?"

Akatoka. Nje alikutana na mama yake, akamshika mkono, wakageuza njia. Mama mkwe alitazama nyuma mara moja, kwa yale macho yake.

Shangazi aliposikia hakufoka. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akavaa. "Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mstari wa tatu unauza," alisema. "Sikukufundisha kwamba unauza ukweli. Hilo langu. Yaliyobaki ni yako, na sitakubebea." Akamtolea daftari la wenye vitu, akamwonyesha nyumba ya Dobi ilipo.

Alikwenda Jumatatu, mtoto mgongoni. Kilikuwa chumba kimoja na ua. Mashati ya watu yalijaa kwenye kamba, mikono imening'inia. Ndani, kando ya kitanda cha wakubwa, sakafu ilikuwa na pande la mraba ambalo saruji yake ilikuwa bado inang'aa, haijakanyagwa kama penginepo. Dobi alikuwa akipiga pasi. Hakuiweka chini.

"Nimekuja kuomba radhi," Mama Kucha alisema.

"Kaa. Siyo hapo." Mama Kucha akalihama lile pande.

Pasi ilikwenda, ikarudi. "Kwenye kadi nilikasirika," Dobi alisema, "hasira za hatua tatu tu, kutoka kitandani mpaka mlangoni, zikaisha. Mimi ndiye niliyekwambia uandike uonavyo. Wala wifi yako hana kosa. Lakini aliponiuliza nikajibu, na kujibu kukawa kutamu. Hilo ndilo hukulijua. Nilitoka pale na mtoto anayeingia mwaka wa pili. Nilitembea naye. Tulipofika kwenye kona nikamwambia angalia baiskeli." Akageuza kola. "Halafu nikafungua mlango huu. Nimemzika mara mbili, mama. Mara ya kwanza nilisindikizwa na watu. Safari hii nilikuwa peke yangu."

Mtoto mgongoni alijinyoosha akaguna. Dobi aliisimamisha pasi mpaka akatulia.

"Yale meno yatoe," Dobi alisema. "Mwanangu hakuwa na meno. Alikuwa na ufizi, na ufizi wake mimi naujua. Na ile kadi andika alilala humu wiki kumi na moja. Asiyetaka asichukue. Si kila kitu lazima kiuzwe."

"Nitaandika. Utanisamehe?"

Dobi alilikunja shati, akalipiga kofi moja la kulilaza. "Leo sina. Njoo siku nyingine."

Fundi alijitolea kuziba vile vishimo kwa unga wa mbao na gundi, akasema baada ya mkono mmoja wa rangi hata malaika hatajua. Mama Kucha alimwomba msasa tu. Alisugua mwenyewe siku mbili, mpaka rangi ikaisha na mti ukabaki uchi, urefu wa shubiri moja. Pakawa laini tena, lakini pakawa na bonde dogo, na rangi ya mti wenyewe, ya manjano hafifu. Hakupaka kitu. Akafunga kadi mpya. *Msonobari. Mwaka mmoja. Mtoto alilala humu wiki kumi na moja.*

Kisha akamtoa mwanawe kwenye droo. Mikono ilikataa tena. Akaiacha ikatae, akangoja, akamlaza. Mtoto alijinyoosha mpaka miguu ikagusa fito, akalala saa mbili. Yeye alisimama pale saa zote mbili, akihesabu pumzi, na wateja wakaondoka bila kuhudumiwa. Kesho yake akamlaza tena, hadi ikawa ndiyo kawaida.

Watu waliisoma ile kadi. Wengine waliishusha polepole wakaenda kutazama masinia. Mama mmoja alisoma, akasema "pole", akakiambia kitanda, si mtu. Mwezi ukaenda. Nyumbani, mumewe alipeleka salamu kwa dada yake na kurudi bila salamu.

Wifi alikuja siku ya mvua, tumbo limeshuka, amebakiza siku za kuhesabu. Hakutania. Fundi alifungua mdomo, akautazama uso wake, akaufunga. Alisimama mbele ya kitanda, na mtoto wa kaka yake alikuwa amelala humo, mdomo wazi. Akaisoma kadi yote, mistari mitatu. Akapapasa ufito, akafika pale penye bonde.

"Hapa pamekuwaje?"

"Nilipaharibu mimi."

"Kadi haisemi."

Mama Kucha akachukua kalamu. Nafasi ilikuwa ndogo, akaandika kwa herufi za kubanana chini ya mstari wa tatu: *Ufito wa juu umeharibiwa na muuzaji.* Herufi zikainama.

Wifi akasoma na hilo. Akaufungua uzi, akaikunja kadi, akaitia kwenye pochi yake. "Mtoe mwanao," alisema. "Taratibu, asiamke. Nakichukua."

"Wifi, huna haja ya..."

"Usiniambie haja zangu." Lakini sauti ilikuwa imelegea kidogo, kama skrubu iliyopata mafuta. "Na siku wangu akiota meno nitakuita uje, nikuonyeshe meno ya mtoto yanavyokaa. Ulivyoyapanga wewe, yalikuwa ya mbuzi."

Fundi alikohoa kule nyuma. Mama Kucha hakucheka. Alitaka kucheka, akaona bado hajaruhusiwa.

Kwa desturi ya duka, kitu kikipata mtu, mwenyewe hutumiwa habari siku hiyo hiyo. Shangazi alikuwa ameshaanza kuita mtu wa kutuma. Wifi akamzuia kwa mkono.

"Tutakwenda sisi," alisema. "Nataka ajue kitanda chake kimekwenda kwa nani. Na nataka kumwambia kwamba siku ile sikujua." Akamgeukia Mama Kucha. "Wewe utabisha hodi. Kuongea niachie mimi."

Walikwenda chini ya mwavuli mmoja, wifi katikati, Mama Kucha na mtoto wake pembeni, bega la nje likilowa. Hakuomba kusogezewa. Mashati ya watu yalikuwa yameanuliwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani ilisikika pasi ikiwekwa chini.

Mama Kucha akabisha hodi.